Suruali Yenye Pumzi

Fundi hakuwa anampima mtu hadharani. Mtaa mzima ulilijua hilo, na wengi walilicheka. Mafundi wenzake wa safu ile ya vibanda walikupimia palepale barazani, wakipaza sauti na kutaja ukubwa wa kiuno chako hadi muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akajua umenenepa. Yeye, hata ukija kukunjiwa upindo tu, alikuingiza nyuma ya pazia la khaki, akalivuta hadi mwisho, akapiga goti na kupima kimya kimya. Hakuandika kitu. Vipimo vya wateja wake alivihifadhi kichwani, na kichwa chenyewe kilikuwa kimetiwa kufuli.

Waliocheka ni wale ambao hawakuwa na haja ya pazia. Wenye haja walimshukuru Mungu kwa ajili yake. Nyuma ya vibanda ulipita mtaro mpana ambao maji yake hayakuwa na safari, yamesimama tu yakifuga mbu, na katika mitaa ya pembezoni mwa mtaro huo wanaume wa makamo wenye busha hawakuwa wachache. Ila usingemsikia hata mmoja akilitaja. Mtu aliugulia chini kwa chini, akaacha kucheza mpira, akaacha kupanda baiskeli, akaanza kuchagua viti. Suruali zilipomkataa kabisa alikwenda kwa Fundi, akasubiri pazia lifungwe, akasema huku anatazama dari, "Fundi, hii niongezee pumzi."

Basi. Hakuhitaji kusema zaidi. Fundi alikata kipande cha pembe nne na kukiingiza katikati ya miguu, akazidisha marinda ya mbele, akasogeza mifuko kidogo ili mkono upate mahali pa kuning'inia bila kuonekana unaficha kitu. Ukimwona mwenyewe barabarani ungeona mzee wa heshima zake katika suruali iliyokaa vizuri. Kuna walimu waliosimama mbele ya darasa kwa pumzi ya Fundi. Kuna wanaume waliozikwa nayo.

Muuza nyama wa kona ndiye aliyekuwa mteja mkubwa, kwa maana zote mbili, na ndiye pekee aliyeweza kulifanyia hilo mzaha. "Mimi mwenzenu natembea na mgeni," alisema pazia likishafungwa. "Nimemzoea. Asipoamka vibaya, siku yangu inakwenda."

Fundi alicheka naye. Hakumwambia, wala hakumwambia mtu mwingine yeyote, kwamba hata yeye alikuwa na mgeni wake. Busha lake lilimwanza wakati mwanawe yuko darasa la kwanza, likakua pole pole, na suruali iliyokuwa na pumzi nzuri kuliko zote mtaani ilikuwa ya fundi mwenyewe. Kiti chake cha cherehani kilikuwa na mto uliokatwa katikati. Waliouliza aliwaambia ni mgongo. Aliyejua ni mkewe peke yake, na mkewe alikuwa hajamwambia hata dada yake wa tumbo moja. Hivyo ndivyo alivyoishi, kufa na tai shingoni, na angeendelea hivyo hivyo kama si mwanawe.

Mwana huyo alikuwa wa pekee, kijana wa kuchomelea vyuma, mkimya, mwenye mikono ya kazi. Alikuwa ameposa binti wa duka la fotokopi, binti mcheshi ambaye mama mkwe mtarajiwa alimpenda hadi akaanza kumwita mwanangu kabla ya wakati. Watu wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kaa, wamekubaliana. Kisha jioni moja kijana akala chakula chake, akanawa, akamwambia mama yake kuwa harusi haipo.

"Haipo vipi?" mama akauliza.

"Haipo tu, mama. Siko tayari."

"Kakukosea?"

"Hajanikosea."

"Una mwingine?"

"Sina."

Mama alilia, akabembeleza, akatishia kuugua. Kijana alikaa na uso mkavu. Binti naye alikuja mchana mmoja, akasimama mlangoni bila kuingia, akataka aambiwe kosa lake ili angalau alijue. Alipoondoka, mama akamgeukia mumewe. "Wewe ni baba yake. Zungumza na mwanao."

Fundi aliitika, akajitia kutafuta miwani. Hakuwa na haja ya kuzungumza ili ajue. Alikuwa amejua wiki kadhaa nyuma, siku kijana alipokatiza mbele ya kibanda akiwa amebeba vyuma begani. Jicho la fundi wa suruali haliangalii uso. Linaangalia mguu unavyoachana na mguu. Alimwona mwanawe akitembea, akakumbuka kuwa kijana siku hizi havai suruali za baba yake, hata siku ya mapumziko yumo ndani ya ovaroli pana la kazini, na moyo ukampasuka. Mguu uliendelea kukanyaga cherehani wenyewe. Alipokuja kutazama, alikuwa ameshona mfuko wa suruali ya mtu ukafumba mdomo.

Alijaribu kumwingia kwa njia anayoijua. "Njoo nikupime suruali," alimwambia. Kijana akajibu kuwa anazo za kutosha. Akajaribu tena, akajibiwa tena. Baba na mwana hawakuwa na maneno ya kusemea jambo lile. Fundi aliyeyasikia ya wanaume wa mtaa mzima alikuwa hana pa kuanzia na mtu aliyelala chumba cha pili.

Ndipo ikapita sauti ya kipaza sauti. Alikuwa mama wa vidonge, mama mnene mwenye mwavuli, aliyejitolea kila mwaka kupita nyumba kwa nyumba akigawa dawa za kuzuia matende na mabusha. Safari hii hakuwa na vidonge. Alikuwa akitangaza kuwa madaktari wanakuja hospitali, watakaa wiki moja, watawapasua bure wenye mabusha. Watoto wa mtaani walimfuata wakicheka kila alipolitaja neno lenyewe, naye hakuwajali, akalitaja kwa nguvu zaidi. Alipofika kwa Fundi akazima kipaza sauti, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Kaka, wewe ndiye unawajua," alisema. "Mimi nikipiga hodi wananikimbia. Wape neno."

"Mimi nashona tu, dada."

"Unashona tu!" Akacheka kwa uchovu. "Kama ulivyokuwa unaniambia dawa mmekwisha kumeza kumbe hamjameza."

Fundi hakubisha. Mwaka wa kwanza alimeza, akashikwa na homa na kizunguzungu usiku kucha, akaapa vidonge vile havitakanyaga tena nyumbani kwake. Kuanzia hapo, kila alipomwona mama huyu anaingia mtaani, alimtuma mwanawe mbali, dukani au kwa shangazi yake, arudi akishapita. Alijiona baba mwerevu anayeilinda damu yake.

"Ile homa ni minyoo inakufa," mama wa vidonge alisema, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo hadi limempauka mdomoni. "Midogo, huioni kwa macho. Mbu ndiye anayekuachia. Na mtu anaipata tangu mtoto, kaka, inakaa mwilini inajijenga. Shida yenyewe unakuja kuiona ana ndevu."

Fundi alishika mkasi, akauweka chini, akaushika tena.

"Na hao madaktari," aliuliza, "wakiondoka wanarudi lini?"

"Nani ajuaye? Wanakuja wafadhili wakitukumbuka. Hospitali yetu hii haina wa kupasua, na huko kwenye hospitali kubwa ukifika unaambiwa kuna wagonjwa mahututi, wewe subiri. Ugonjwa huu hauui upesi, kaka. Unamkalisha mtu ndani na aibu yake. Nani ataupigia kelele?" Akasimama, akafungua mwavuli. "Labda mimi na hiki kipaza sauti kibovu."

Kesho yake Fundi alipiga moyo konde, akaenda kwa mwanawe kazini. Kijana alikuwa ameinama juu ya geti, cheche zinaruka. Baba akasimama pembeni hadi moto ulipozimwa, kisha wakawa wanalitazama geti wote wawili, maana ilikuwa rahisi kulitazama geti.

"Wiki hii kuna madaktari hospitali," Fundi alisema.

"Nimesikia."

"Ni bure."

"Nimesikia, baba."

"Sasa kama mtu ana..." Neno likamkwama. "Kama mtu ana shida, si aende?"

Kijana alivua kinyago cha kuchomelea. Alikuwa amekonda usoni kuliko baba alivyodhani. "Baba, si wewe ulikuwa unasema? Wakiutoa mzigo wanaondoka na mpagazi wake."

Fundi alihisi uso unamwaka. Alikuwa ameusema mzaha huo miaka mingi iliyopita, mara ya kwanza siku muuza nyama alipomuuliza ukweli wa upasuaji, na muuza nyama alicheka hadi akakaa sakafuni. Mzaha ukapendwa. Kila mteja aliyetaja hospitali alichomekewa mzaha huo, akacheka, akaagiza suruali nyingine. Kijana alikulia kwenye kibanda kile, pazia halizuii sauti.

"Ule ulikuwa utani," alisema.

"Sawa. Kama ni utani, nitajie mteja wako mmoja aliyekwenda akarudi mzima. Mmoja tu, baba. Nitakwenda leo."

Hakukuwa na mmoja. Fundi aliwahesabu wote kichwani, akafika kwa yule wa mwisho, anayekalia mto uliokatwa katikati, na akaona huyo ndiye anayestahili kuulizwa kuliko wote. Angeweza kusema palepale. Badala yake alisema, "Haya, endelea na kazi," akaondoka huku amejichukia hata jua lilikuwa linamkera.

Siku mbili alishona bila kuona anachoshona. Alikuwa anaogopa, na mimi sitampamba: aliogopa kisu kuliko alivyoogopa kufa. Ule mzaha aliouuza kwa wengine alikuwa ameuamini yeye kuliko wote. Mkewe, baada ya Fundi kumwambia kilichompata kijana, ndiye aliyemsukuma. Alimletea chai, akasimama mbele ya cherehani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu anaacha kuoa kwa sababu yako na wewe unashona vifungo?" Hakungoja jibu. Fundi alisimama, akafunika cherehani, akaenda hospitali na nguo alizovaa.

Wiki ya madaktari ilikuwa karibu inaisha. Nje ya wodi palikuwa na benchi refu, na kwenye benchi hilo alikaa mwanamume mmoja mmoja aliyetoka mbali, maana wa karibu walikuwa wanaogopa majirani. Fundi alikaa mahali ambapo kila apitaye njia angemwona. Muuza nyama alipita na baiskeli yake ya mizigo, anaisukuma kama kawaida yake, akamwona, akasimama katikati ya barabara hadi gari likampigia honi.

Walimchoma sindano ya mgongo, miguu ikaondoka. Yakabaki macho na masikio. Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanawe, akipiga soga na muuguzi kuhusu mpira huku anafanya kazi, na Fundi akawa anasikiliza mlio wa mkasi. Mkasi aliujua. Alijua huu ni mzuri, umenolewa, na mkono unaoushika hautetemeki. Hilo lilimtuliza kuliko dua zote alizokuwa anasoma.

Siku ya pili mkewe alimtuma kijana na chupa ya uji. Alikuwa hajamwambia kijana kwa nini baba yake amelazwa. Kijana aliingia, akasoma bango la wodi mlangoni, akasimama miguuni mwa kitanda, macho yake yakienda kila mahali isipokuwa kwa baba yake.

"Vuta pazia," Fundi alisema.

Kila kitanda kilikuwa na pazia lake. Kijana akalivuta hadi mwisho.

"Funua shuka."

"Baba, hapana."

"Funua nimekwambia."

Kijana akafunua kidogo, akaona bandeji, akaona vilivyobaki mahali pake, akarudisha shuka haraka kama aliyeungua. Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu ukiwa mdogo."

"Miaka yote hii?" Sasa kijana alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa na machozi ndani. "Mimi nimelala nikidhani niko peke yangu duniani. Nimemwacha mtu wa watu analia. Na wewe ulikuwa chumba cha pili!"

"Nilikuwa naogopa," Fundi alisema. "Ule utani niliutunga kwa sababu naogopa. Na vile vidonge nilikukimbiza mimi. Nisamehe, mwanangu."

Kijana aliweka chupa ya uji juu ya kabati, akafungua pazia, akatoka. Fundi akadhani amemkosa. Kisha akasikia sauti ya mwanawe mlangoni, ya chini sana, ikimuuliza muuguzi jambo, na sauti ya muuguzi, ambayo haikuwa ya chini hata kidogo.

"Umechelewa, mdogo wangu! Wale unaowaona wanafunga masanduku. Hata waliokaa kwenye benchi jana tumewarudisha. Tuachie namba yako tu, wakija tena tutakupigia."

Fundi alifunika uso kwa shuka. Siku zile mbili alizoshona bila kuona zilimkaa kooni, na zimemkaa hadi leo.

Alirudi kazini kidonda kilipopona, akiwa ndani ya suruali nyembamba isiyo na pumzi, na mto uliokatwa katikati akautupa. Mtaa ulimtazama anavyotembea. Muuza nyama alikuwa wa kwanza kuingia, akavuta pazia mwenyewe.

"Mpagazi yupo?"

"Yupo. Anakusalimia."

Muuza nyama alicheka, akaacha kucheka, akauliza kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake, "Wanarudi lini?" Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, wote na swali hilo hilo. Fundi alikwenda kwa mama wa vidonge kuuliza. Mama akamwambia anaambiwa labda mwakani, na hata huo mwakani wenyewe ni labda. Alipopita tena na dawa zake, nyumba ya Fundi ilikuwa ya kwanza kumeza, wote watatu, na Fundi akamshikia kipaza sauti mtaa mzima, akiutangaza ugonjwa kwa jina lake lile lile ambalo watoto walilicheka.

Jioni moja, wenzake wakifunga vibanda, kijana aliingia bila kusema neno, akaenda nyuma ya pazia. Fundi akamfuata, akalivuta. Alikuwa hajampima mwanawe tangu alipoacha sare za shule.

"Nimemwambia," kijana alisema, akitazama dari kama watazamavyo wote. "Nimemwambia kila kitu."

"Akasemaje?"

"Alikasirika kwa nini sikusema mapema. Kisha akasema atangoja. Akaniuliza, angoje mpaka lini?"

"Ukamjibu nini?"

"Sikuwa na la kumjibu, baba."

Fundi alipiga goti. Alipima kiuno, akapima mguu, akapima mara mbili pale ambapo kwa wengine alipima mara moja bila kufikiri. Kijana alisubiri hadi mwisho, akalazimika kulisema mwenyewe.

"Niongezee pumzi."

Aliishona jioni ile ile, khaki nzuri aliyoiweka akiba kwa ajili ya harusi. Mishono yote aliikaza kwa mashine, mara mbili, kama ya mtu atakayeivaa miaka. Kile kipande cha katikati hakukitia kwenye mashine. Alikishika kwa sindano ya mkono, bandi ndefu za uzi mweupe, zile ambazo fundi huzipiga akijua atazifumua.

"Siku wakija," alimwambia mwanawe akimkabidhi, "unavuta uzi huu, kinatoka chote."

Kijana aliivaa palepale, akatoka nayo barabarani, na Fundi akasimama mlangoni akimtazama anavyotembea.